Povu la Rangi Jikoni: Mwache Mtoto Abashiri Kabla Hujamweleza

Dondoshea siki yenye rangi juu ya magadi soda, na papo hapo povu linafoka. Watoto wanalipenda jaribio hili popote linapofanywa, na wazazi wanalipenda kwa sababu vifaa vyake vipo jikoni au duka la jirani. Lakini mara nyingi mambo huenda hivi: mzazi anamimina, povu linapanda, watoto wanapiga makofi, mzazi anasema, "Mmeona? Hiyo ndiyo sayansi," kisha meza inafutwa. Hapo mtoto ameona mazingaombwe. Ameburudika, na kuburudika si kosa, ila hajapata nafasi ya kufikiri.

Ushauri wangu katika makala haya ni mmoja, na mengine yote yanaufafanua: mtoto abashiri kwanza, ajaribu mwenyewe, aeleze alichokiona, na maelezo yako wewe mtu mzima yaje mwisho. Ukishika utaratibu huo, pakiti moja ya magadi soda na chupa ndogo ya siki zitawapa kazi ya mchana mzima, na mtoto ataondoka mezani akiwa na maswali yake mwenyewe.

Vitu vya kuandaa

Kwa watoto wawili au watatu, andaa hivi:

- magadi soda ya kupikia, gramu 100;
- siki nyeupe ya mezani, mililita 200 hivi;
- rangi za chakula tatu: nyekundu, njano na bluu;
- sahani ndogo yenye kingo, na sinia la kuiwekea;
- vikombe vidogo vitatu na bilauri mbili tatu;
- kijiko cha chai, na bomba la plastiki lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa. Likikosekana, mrija unafaa: uchovye kwenye siki, ziba tundu la juu kwa kidole, uhamishe, kisha achia kidole;
- kitambaa cha kufutia, daftari na penseli.

Vyombo viwe vya kioo, plastiki au udongo. Sufuria za alumini ziache kando, maana siki huila alumini polepole.

Kwenye magadi soda tuwe makini, kwa sababu madukani kuna vitu kadhaa vyenye majina yanayokaribiana. Kinachotakiwa ni ule unga mweupe laini wa kutia kwenye keki, ambao pakiti yake huandikwa bicarbonate of soda au baking soda. Bekingi poda nayo hufoka, lakini ndani yake tayari mna soda, asidi kavu na wanga, kwa hiyo inatoa povu hata kwa maji matupu. Jambo hilo litamchanganya mtoto mwanzoni. Iweke akiba, tutaihitaji baadaye. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage na makande, ni makali zaidi kuliko magadi soda, kwa hiyo yabaki kwenye maharage.

Na kostiki soda, inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, isikaribie kabisa meza hii. Inaunguza ngozi, macho na koo, na ikiwa imepimwa na kufungwa kwenye mfuko usio na maandishi, mtu anaweza kuidhania kitu cha kupikia. Ukikuta jikoni unga mweupe uliofungwa bila jina, usiutumie. Nunua pakiti mpya ambayo maandishi yake unayasoma.

Siki nayo iwe ya chupa ya mezani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asilimia 5 au karibu na hapo. Asidi ya asetiki kali, ile ambayo haijazimuliwa, si kitu cha kushikwa na watoto.

Sheria tatu kabla ya kuanza

Ya kwanza: hakuna kuonja. Vitu hivi vinaliwa, lakini mtoto ajifunze mapema kwamba mezani pa majaribio mdomo haufanyi kazi.

Ya pili: hakuna kupeleka mkono jichoni. Siki inawasha macho. Ikitokea, suuza kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Mwenye mkwaruzo kidoleni naye ajue kwamba siki itamchoma.

Ya tatu ndiyo kubwa: tunachanganya vilivyo mezani tu. Mtoto aliyelipenda povu atataka kuchanganya kila kilichomo kabatini. Siki ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu inayoumiza mapafu. Mweleze mtoto hivyo waziwazi, na dawa yenyewe iwekwe juu asikoweza kufikia.

Baada ya hapo, mvalishe fulana kuukuu na mkae uani, barazani au mahali penye sakafu ya kuosha. Rangi ya chakula hung'ang'ania nguo.

Jaribio la sahani

Tandaza magadi soda kwenye sahani hadi yafikie unene wa nusu sentimita hivi. Gramu 100 zinatosha kufunika kitako cha sahani ndogo. Gawa siki kwenye vikombe vitatu, na kila kimoja kitie matone machache ya rangi. Kazi hizi mpe mtoto. Akimwaga, afute mwenyewe.

Sasa msimamishe. Kabla tone la kwanza halijaanguka, muulize: "Unadhani itakuwaje?" Jibu lolote lipokelewe. "Itakuwa matope." "Itayeyuka." "Italipuka." Andika kauli yake kwenye daftari pamoja na jina lake, hata kama yeye mwenyewe hajui kuandika bado. Mtoto aliyekwisha kutoa kauli hutazama kwa makini zaidi, kwa sababu anataka kujua kama alichosema kitatimia.

Kisha adondoshe tone moja, si kikombe kizima. Tone moja lina mengi ya kuonyesha. Mwambie ainame karibu, macho yakiwa umbali wa mkono mmoja hivi kutoka kwenye sahani. Tone likigusa unga, pale pale linazuka duara la povu jekundu, viputo vidogo vidogo ukingoni na vikubwa zaidi katikati. Unasikika mlio mwembamba, shhh, unaofifia jinsi viputo vinavyopasuka. Akiweka kiganja juu kidogo ya povu, atahisi vitone baridi vikimrukia. Povu likitulia, kinabaki kishimo chenye maji ya rangi, na kando yake unga uliolowa na kugandamana. Mwache aeleze yote hayo kwa maneno yake. Ukimtajia wewe kwanza, ataona ulichomtajia tu.

Baada ya hapo mwachie uwanja. Adondoshe nyekundu karibu na njano, ajionee rangi ya chungwa. Bluu kwa njano, ajionee kijani. Nyekundu kwa bluu, ajionee zambarau. Akianza kudhani kwamba rangi ndiyo inayoleta povu, usimsahihishe kwa mdomo. Mpe siki isiyo na rangi ajaribu, kisha mpe maji yenye rangi. Siki tupu itafoka, maji ya rangi yatatulia tuli. Amepata jibu, na hakuna aliyemwambia.

Kipi kimekwisha?

Utafika wakati sahani imetulia. Wengi hufuta meza hapo, na ndipo hasa kazi inapoanza. Muulize: "Kwa nini povu limeisha? Kilichokwisha ni magadi au ni siki?"

Nalipenda swali hili kuliko mengine yote kwa sababu mtoto anaweza kulijibu kwa mikono yake. Usimpe jibu. Muulize tu, "Tutajuaje?" Mpe muda. Watoto wengi wataiona njia: tuongeze kimoja, tuone. Akiongeza magadi mahali palipotulia, hakuna kinachotokea. Akiongeza siki, povu linafoka upya. Basi siki ndiyo iliyokuwa imekwisha, na magadi bado yamo. Hesabu ya kikemia inakubaliana naye: gramu 100 za magadi soda zinahitaji karibu lita 1.4 za siki ya asilimia 5 ili zitumike zote. Kwa mililita 200 mlizonazo, magadi yatabaki tu.

Sasa geuzeni. Tieni nusu kijiko cha chai cha magadi soda kwenye bilauri, kisha siki kijiko kimoja kimoja cha chai, mkikoroga na kuhesabu. Vijiko vya kwanza vitafoka kwa nguvu. Kwa hesabu, nusu kijiko cha magadi, gramu 2.5 hivi, kinamalizwa na mililita 36 za siki, yaani vijiko vya chai saba hivi. Karibu na hapo povu litalegea, na siki mtakayoongeza baadaye haitafoka tena. Safari hii kilichokwisha ni magadi. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo hesabu yenu inaweza kuwa sita au tisa. Iandikeni kama ilivyo. Kurekebisha hesabu ili ifanane na ya kitabu ni tabia mbaya ambayo mtoto asiipate kwako.

Maelezo yako yaje sasa

Magadi soda ni sodiamu bikaboneti, na tabia yake ni ya besi. Siki ina asidi ya asetiki. Vikikutana, vyote viwili vinabadilika, na vinatokea vitu vitatu ambavyo havikuwa hivyo mwanzoni: maji, chumvi iitwayo sodiamu asetati, na gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo wengi tunaijua kama hewa ya ukaa. Gesi hiyo ni nyingi kuliko inavyoweza kuyeyuka kwenye maji kidogo yaliyopo, kwa hiyo inapanda na kutoka kwa viputo. Ni gesi ile ile tunayoitoa tukipumua, na ile ile inayotoka chupa ya soda ikifunguliwa. Mwaka 1772 Mwingereza Joseph Priestley alichapisha maelezo ya namna ya kuitia ndani ya maji ya kunywa, muda mrefu kabla vinywaji vya gesi havijajaa madukani.

Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha kusema: "Vitu viwili vimekutana vikatengeneza hewa, na hewa inatoka kwa viputo." Kwa wa miaka kumi, taja asidi, besi na gesi. Fomula zisubiri shule ya sekondari.

Kuna jambo moja ambalo macho hayalioni. Rudieni jaribio la bilauri, lakini safari hii mtoto aishike kwa viganja viwili kabla ya siki kuingia na baada ya kuingia. Muulize kwanza: itapata moto au itapoa? Wengi watasema itapata moto, kwa sababu jikoni wamezoea kwamba kinachofoka ni kilichochemka. Bilauri inapoa. Mabadiliko haya hunyonya joto kutoka kwenye maji na chombo chenyewe. Mwenye kipimajoto ataona nyuzi zikishuka, na asiye nacho viganja vinatosha. Mtoto akikosea ubashiri hapa, mpongeze kwa kubashiri, kwa sababu sasa ana jambo la kulifikiria.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja

Mtoto akishaielewa siki, atauliza mwenyewe kuhusu vingine. Pangeni bilauri kwenye mstari, kila moja na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Kandokando weka maji ya ndimu, ukwaju uliokamuliwa, maziwa mgando, maji ya sukari, maji ya chumvi na maji matupu. Chora safu mbili kwenye daftari: "nadhani" na "nimeona". Safu ya kwanza ijazwe yote kabla chochote hakijamiminwa.

Kisha wekeni sharti moja: kila kinywaji kipimwe kwa kiasi kile kile, vijiko viwili kwa vijiko viwili. Hapa watoto hujisahau. Atakayetia vijiko viwili vya ndimu na vitano vya ukwaju hataweza kusema kipi kina nguvu, kwa sababu amebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kanuni hii ya kubadilisha jambo moja na kuyaacha mengine yalivyo ndiyo atakayoitumia maisha yake yote, awe mkulima anayejaribu mbegu mpya au fundi anayetafuta kwa nini pikipiki haiwaki.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Mama, maziwa mgando yamefoka kidogo tu."

"Umejuaje ni kidogo, mwanangu?"

"Povu halijafika juu kama la ndimu."

"La ndimu limefika wapi?"

"Ngoja nilete rula."

Mama hajamfundisha chochote hapo, na mtoto ametoka kwenye kusema "kidogo" akaingia kwenye kupima.

Mwishoni muulize vilivyofoka vinafanana nini. Ndimu ina asidi ya sitriki, ukwaju una asidi ya tartariki, maziwa mgando yana asidi ya laktiki. Mtoto hahitaji majina hayo ili aseme, "Vyote ni vichachu." Kanuni ameipata mwenyewe. Sasa toa ile bekingi poda, itie maji matupu, na muulize inakuwaje ifoke bila siki. Atakayesema "basi uchachu umo humo humo ndani" amegundua siri ya keki kuumuka.

Rosela inayobadilika rangi

Rangi za dukani ni nzuri, lakini rosela, ambayo wengine huiita choya, ina jambo lisilowezwa na rangi ya chupa: inajibu. Loweka kiganja kimoja cha rosela kavu kwenye kikombe cha maji ya moto kwa robo saa, chuja, acha ipoe. Maji yatakuwa mekundu ya damu ya mzee. Yagawe kwenye bilauri tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili kamulia ndimu. Itakuwa nyekundu ya kung'aa. Ya tatu tia magadi soda kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko. Itafoka kwanza, maana rosela yenyewe ni chachu, kisha wekundu utapotea, ije zambarau, na ukiendelea itaelekea bluu au kijani kilichopauka.

Muulize mtoto kama wekundu unaweza kurudi. Akishabashiri, akamulie ndimu kwenye bilauri ile ya tatu: povu linapanda na wekundu unarudi mbele ya macho yake. Rangi ya rosela inatokana na kundi la kemikali ziitwazo anthosayanini, ambazo huwa nyekundu penye asidi na hugeuka penye besi. Kabichi ya zambarau inazo pia. Mwalimu mwenye darasa lisilo na maabara anaweza kwa rosela tu kuwaonyesha wanafunzi kipi ni asidi na kipi ni besi, na kila mwanafunzi akashika bilauri yake.

Kuikamata hewa isiyoonekana

Mtoto akiuliza, "Hewa yenyewe iko wapi?", ameuliza swali la maana, na jibu lake lipo. Tia siki mililita 75 kwenye chupa tupu ya nusu lita. Ndani ya puto tia kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Vika mdomo wa puto kwenye mdomo wa chupa, kisha inua puto ili unga uanguke. Puto litajaa bila kupulizwa na mtu. Kijiko kile kimoja kina uwezo wa kutoa zaidi ya lita moja ya gesi, ingawa sehemu yake hubaki imeyeyuka kwenye maji.

Hapo hapo mweleze kwa nini chupa haifungwi kwa kifuniko, hata kwa mzaha. Gesi hiyo ikikosa pa kutokea, chupa inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Puto likipasuka, vipande viokotwe vyote, maana mtoto mdogo akimeza kimoja kinaweza kumkaba.

Kwa watoto wakubwa kuna jaribio la mshumaa, na moto uwashwe na mtu mzima. Weka mshumaa mfupi ndani ya bakuli lenye kina, feni imezimwa. Kwenye jagi tia kijiko kikubwa cha magadi soda na robo kikombe cha siki, subiri povu litulie, kisha inamisha jagi juu ya bakuli polepole bila kumwaga maji. Mwali unanywea na kuzimika. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inamiminika, na haisaidii moto kuwaka. Kabla ya kueleza, muulize mtoto: "Nimemwaga nini?"

Ukitengeneza mlima wa volkano

Watoto wa shule hupenda kufinyanga mlima wa udongo, kuficha chupa ndani na kufokesha povu jekundu. Ni kazi nzuri ya mikono. Mwambie tu mtoto ukweli: volkano halisi haina siki, na lava ni miamba iliyoyeyuka kwa joto. Kinachofanana ni gesi, kwani gesi zilizomo ndani ya miamba hiyo iliyoyeyuka husaidia kuisukuma nje.

Sisi tunao mfano wa pekee wa kumsimulia. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndio mlima pekee duniani wa volkano hai unaojulikana kutoa lava yenye kaboneti za sodiamu kwa wingi, jamaa wa karibu wa magadi. Lava yake hutoka nyeusi, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Chini yake lipo Ziwa Natron, na ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, lipo Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja. Mlima wa udongo mezani ukiitwa Lengai, mtoto anajifunza kemia na nchi yake kwa pamoja.

Kulingana na umri

Wa miaka mitatu hadi mitano apewe sahani, matone na rangi, na swali moja tu: itakuwaje? Puto na mshumaa visubiri. Wa miaka sita hadi tisa anaweza safu mbili za daftari na kuhesabu vijiko. Wa miaka kumi na kuendelea mwachie apange jaribio lake mwenyewe, wewe uwe mkaguzi wa usalama. Wakiwa wa rika mchanganyiko, mkubwa asimfanyie mdogo. Awe mwandishi wake.

Wapo wazazi na mabibi wanaoona huku ni kuchezea chakula. Hoja yao ni ya haki, na ijibiwe kwa vitendo. Pima kidogo, tumia ndimu zilizoanza kukauka, na rosela iliyobaki bila kuchanganywa itiwe sukari inywewe. Mtoto ajifunze kwamba jaribio zuri halihitaji vitu vingi.

Uwezo wa kunyamaza

Kazi ngumu katika haya yote ni ya mtu mzima: kuuliza, kisha kunyamaza. Tunajua jibu, na ulimi unawasha. Lakini mtoto anayepewa jibu kila mara huacha kuuliza, na anayechekwa huacha mapema zaidi.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini Osborne alilichukua swali, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya kisayansi. Jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba hadi leo, na wanafizikia bado wanajadiliana juu yake. Swali lilizaliwa kwenye kazi ya jikoni, na likaishi kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kusema, "Hebu tujaribu."

Mkimaliza, mabaki yamwagwe kwenye sinki au shimo la maji machafu pamoja na maji mengi. Yasimwagiwe maua, maana yana chumvi. Mtoto aoshe vyombo na kurudisha kila kitu mahali pake, kwa sababu kusafisha ni sehemu ya jaribio. Daftari litunzwe, kurasa zenye ubashiri uliokosewa zisichanwe. Kisha, kabla hajaondoka mezani, muulize kesho angependa kujaribu nini, na lolote atakalosema, likiwa salama, mpe nafasi ya kulifanya.